Mtoto Wangu Halilii Jina Lako

Mama,

Shikamoo. Naandika shikamoo kwa mazoea. Sijui marehemu huitikia vipi. Kabla hujasoma mbele nina ombi, na hili ndilo pekee nitakalokuomba kwa unyenyekevu: haya yaishie kwako. Usimwambie mwanao Maganga anapokuota. Usimtokee mdogo wako Kalekwa ukamnong'oneza, maana nyinyi wawili hamkuwahi kufichana kitu. Na kama ni kweli kwamba huko mnakaa ukoo mzima pamoja, basi tafadhali usisome kwa sauti. Ninaandika ofisini, wakati wenzangu wamekwenda kula, kwa penseli, na nikimaliza nitaipitisha karatasi hii kwenye ile mashine inayokatakata karatasi za siri za wateja. Sijui posta nyingine ya kukufikia.

Sikuandikii kukulilia. Waliokulilia walikuwa wengi na walilia vizuri. Watanzania walikuja kutoka kila upande, hadi kutoka mji wa Savage, wakajaza sebule yetu hapa Crystal, ughaibuni, mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Walichanga, mwili wako ukasafirishwa, Maganga akakusindikiza mpaka nyumbani Nzega. Mimi nilibaki na mtoto wa wiki tatu na sufuria za watu. Nikalia kidogo, kwa uchovu zaidi kuliko kwa ajili yako. Nakuambia ukweli kwa sababu sasa huwezi kumwambia mwanao.

Ninaandika kwa sababu wanasema unamtesa mtoto wangu. Nataka kujua kama ni kweli.

Wiki ile ile uliyofariki, Doreen alianza kulia. Si kulia kwa njaa, kule kunakoisha akipewa ziwa. Alikuwa akianza jioni, na niliporudi kazini, mara tu nivuapo koti, utafikiri alikuwa ananingoja nifike. Anakunja magoti hadi tumboni, anakaza ngumi, uso unakuwa mwekundu kisha unakuwa na rangi nisiyoitambua. Tumbo gumu kama ngoma. Nilimbeba begani, nilimlaza kifudifudi mapajani, nilimzungusha kwenye kibaraza cha ghorofa huku majirani wakifungua milango na kuifunga. Maganga alimwimbia nyimbo zako. Hakuna kilichosaidia.

Tulimpeleka kwa daktari wa watoto. Akamgeuza, akampapasa, akampima uzito, akasema ni msokoto wa tumbo na gesi, watoto wengi hupitia; huanza umri huu huu, na wengi hutulia wakifika miezi mitatu au minne. Akatuonyesha namna ya kumshika wima akishanyonya mpaka apige mbweu. Mimi nilimwamini. Umri huu huu, Mama. Angelia hata kama ungekuwa hai, umekaa kwenye kochi letu ukinung'unikia chumvi ya mboga zangu.

Lakini Maganga alikwangua kadi ya simu, akampigia Mama Mdogo Kalekwa, akaweka spika ili na mimi nisikie. Doreen alikuwa kwenye bega langu akilia kwa nguvu zake zote. Kule Nzega Kalekwa akapiga kelele, "Msikilizeni! Huyo halii tumbo. Huyo analilia jina! Nyamizi ameondoka juzi tu, anatafuta mahali pa kukaa, na nyinyi mmemfungia mlango kwa hilo jina lenu la kununua dukani!"

Nilijua maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka kwako. Unakumbuka siku tuliyotoka naye hospitali? Hukumshika kwanza. Ulisimama mlangoni na sweta la Maganga juu ya khanga mbili, ukauliza anaitwa nani, nikasema Doreen. Ukaniuliza, "Doreen ni nani? Alikufa lini?"

Nilikujibu kwamba hajafa, hajawahi kuwepo. Ukacheka, ukamwambia Maganga kwa Kinyamwezi jambo ambalo hajakubali kunitafsiria mpaka leo. Basi nikueleze sasa, kwa kuwa wakati ule ulicheka. Nililichagua kwa sababu hiyo hiyo. Nilitaka jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifia. Kwenu mtoto hazaliwi, anarudi. Anarudi na ukali wa fulani, na mguu mbaya wa fulani, na ugomvi wa shamba wa fulani. Mimi nilimbeba tumboni huku nafanya kazi ya kusoma madai ya bima za watu, ajali na vifo vya watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, na nikajiambia: huyu aje yeye. Aje tu yeye.

Mwanao anafanya kazi maabara. Anaangalia damu za watu kwa hadubini, na daktari hapewi jibu mpaka yeye ahakikishe. Nilifikiri atamjibu Kalekwa. Akafunga simu, akasema, "Mama Mdogo hana shule." Nikafurahi. Sikujua kwamba hakusema amekosea.

Kazini kuna Mkenya mmoja, Wambui, anakaa mapokezi. Aliniona nikisinzia juu ya mafaili akaja akainamia meza yangu. "Wewe Mama Doreen, mbona unakaa kama mtu wa matanga? Kuna mzee huko Saint Paul, anashikanga tu kichwa. Anashika hivi, basi. Mtoto wa sister yangu alilala hadi tukamwekea kioo puani tuone kama anapumua." Nikacheka, mara ya kwanza tangu ufe. Nikarudi nyumbani nikamsimulia Maganga kama kichekesho. Yeye hakucheka. Alichukua kalamu akaniuliza jina la mtaa.

Wanaiita osteopathia ya fuvu. Usihangaike na jina. Ni mtu anayeweka vidole kwenye kichwa cha mtoto na kusema anasikia mifupa inavyopumua. Tulimkuta katika nyumba ya mbao ya kizamani, hana viatu, amevaa soksi za sufu, anaongea kwa sauti ya mtu anayembembeleza paka. Chumba kinanuka mchaichai, na kwenye kona kuna redio inayotoa mlio wa maji. Akamlaza Doreen juu ya meza, akaweka viganja chini ya kisogo chake, akafumba macho. Tukakaa. Maji yakatiririka redioni. Baadaye akafumbua macho akasema upande wa kushoto umebanana, kwamba mtoto alipitia njia ngumu wakati wa kuzaliwa. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilikuwepo kwenye njia hiyo hiyo, na hakuna aliyenishika kichwa.

Nilimchukia, Mama. Nilichukia jinsi alivyotutazama kwa huruma. Ofisini kwetu dai la namna ile lingeniangukia ningeligongea muhuri wa kukataliwa kabla chai haijapoa.

Halafu kwenye gari Maganga akasema, "Unaona? Anafanya alichokuwa anafanya Mama. Tofauti huyu ana cheti ukutani."

Ndiyo. Niliona. Ulikuwa ukishika kitambaa juu ya mvuke wa birika, ukakijaribu kwenye shavu lako, kisha ukakikanda kichwa cha Doreen kwa viganja, taratibu, kutoka kwenye paji kwenda nyuma. Ukasema kisipokandwa kitabaki kama kibuyu na shule haitaingia. Nilikuzuia. Nilikuambia utosi wa mtoto ni laini na hapa si Nzega. Ukarudisha mikono chini ya khanga. Sikuombi radhi. Ningekuzuia tena leo, na yule wa soksi za sufu ningemzuia vilevile, kama Maganga asingekuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayezama.

Siku hiyo Doreen alilala kwenye gari mpaka Crystal. Watoto wote hulala kwenye gari. Jioni akalia kama kawaida, na mwanao akasema dawa ndiyo kwanza inaingia.

Nikitaka kukuchukia kwa utulivu, kuna jambo moja linanisumbua, bora niliseme lipite. Ile siku tuliposhuka pamoja kufua, kwenye chumba cha mashine chini ya jengo. Ulikuwa umechukia baridi, umeichukia serikali ya huku kwa sababu ya baridi. Mashine ya kukaushia ilipoanza kuzunguka ukaigusa, ukageuka, ukaiegemeza mgongo, ukafumba macho. Ukasema, "Kumbe jua lenu mnalificha humu." Tukacheka wote wawili mpaka yule jirani wa ghorofa ya tatu akachungulia. Tulikaa pale hadi nguo zikakauka kupita kiasi. Hukunitukana hata mara moja. Siku nyingine zote sizikumbuki kwa hamu, lakini hiyo naikumbuka, na inaniudhi kwamba naikumbuka.

Sasa nikufikishe kwenye kilichonifanya niandike.

Safari ya tatu kwa yule bwana tulikwenda wote. Safari ya pili Maganga alikuwa amempeleka peke yake, maana yeye hufanya zamu za usiku na mchana anakaa na mtoto. Tumekaa tunangoja. Binti wa mapokezi akatokea mlangoni akaita jina, akilivunja vipande: "Nya. Mizi." Moyo wangu ukaruka kwa furaha, Mama, nikageuka kumtafuta Mnyamwezi mwenzenu aliyeletwa na shida kama yetu. Hapakuwa na mtu. Maganga akasimama na mtoto wangu mikononi, akaingia.

Nikawafuata. Yule bwana akatabasamu, akanieleza kwamba baba wa mtoto amemwambia kwetu jina linaweza kumtuliza mtoto, na yeye anaheshimu sana mila za watu, kwa hiyo huwa analitamka huku ameshika kichwa. Masikini, alikuwa anaona fahari kabisa. Akashika. Akafumba macho. Akaanza kukuita wewe, mama mkwe wangu, kwa ulimi wake ule, polepole, juu ya utosi wa binti yangu: Nameezi. Nameezi. Doreen analia. Maji ya redio yanatiririka. Nameezi. Kisha Doreen akakunja miguu, akajamba, nisamehe lakini ndivyo ilivyokuwa, akajamba kwa sauti kubwa kuliko umri wake, akashusha pumzi, akalala.

Kila mtu mwenye akili angeona kilichotokea. Gesi imetoka. Lakini nilimtazama Maganga, na Maganga alikuwa analia. Machozi yanamtiririka hadi kwenye kola, mtu wa maabara, msomi, analia mbele ya mgeni asiye na viatu.

Nikamnyanyua mwanangu kwenye meza. Nikamwambia kwa sauti, "Doreen." Akaamka. Akalia kuliko alivyowahi kulia. Yule bwana akanitazama kwa ile huruma yake.

Kwenye gari nilimuuliza Maganga kama ana akili timamu. Akasema ameona bora ajaribu vyote viwili, mikono ya huyu na jina la Mama, kisichotibu hakitamdhuru. Nikamwambia, "Wewe mtu wa maabara, ukimimina dawa mbili kwenye kichupa kimoja, utajuaje ipi imefanya kazi?" Alikuwa anaendesha, hakunitazama. Akasema, "Sitaki kujua ipi. Nataka alale." Kisha, baada ya muda, "Na nataka kusikia mtu akimwita Mama." Lakini mtoto wangu si simu ya kukupigia wewe.

Nilimwambia hatutarudi kule, na hatujarudi. Nikadhani nimeshinda. Kumbe Maganga alikuwa ametuma picha. Ile ya Doreen amevaa kofia ya njano, amefungwa kwenye kiti chake cha gari. Mama Mdogo Kalekwa akapiga simu Jumapili kutuarifu, sauti tamu kama ya harusi. Walikusanyika uani kwako. Wakaiweka picha kwenye kigoda chako. Wakachanganya unga mweupe wa mtama na maji, wakaipaka, wakamwita mtoto kwa jina lako mbele ya mashahidi. "Tumemaliza," akasema. "Sasa mtalala."

Mama, tukalala.

Siku ile ile. Jioni nilivua koti nikangoja. Doreen alinyonya, akapiga mbweu begani kwangu, akatazama taa, akalala. Kesho yake vilevile. Tangu hapo ananung'unika kidogo, basi. Maganga anatembea nyumba nzima anapiga mluzi. Anasema sasa twende mahakamani jina libadilishwe rasmi, tusilifanyie mzaha. Nimekataa. Amehamia kwenye kochi, na ananisalimia asubuhi kwa adabu kama mpangaji mwenzangu.

Najua hesabu. Karibu anatimiza miezi minne. Daktari alisema. Nimejisomea pia, kwenye maktaba, na kila kitabu kinasema hivyo hivyo: utumbo hukua, gesi hupungua, kilio huisha. Kingeisha hata kama picha ingebaki kwenye bahasha. Nayajua haya yote na ninaweza kuyaeleza kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Lakini juzi nilikuwa jikoni nikamwita, "Doreen," na hakugeuka. Maganga akamwita kwa jina lako, na akageuka. Mtoto wa umri ule hajui jina lake. Amegeukia sauti nzito ya baba yake. Najua. Nilitua sahani mezani nikaenda kumtazama usoni.

Kilio chake sikukiogopa kamwe. Kilinichosha, kilinifanya nichukie watu wenye watoto wanyamavu, lakini kilikuwa chake. Ninachoogopa ni ukimya huu. Namwinamia kitandani nikimtazama anavyokunja midomo usingizini, na ninatafuta kama ni wewe.

Kwa hiyo tuagane, Mama, tuagane kweli, kila mtu ashike njia yake. Kama hukuhusika, na yote haya ni gesi na maneno ya Kalekwa, basi lala salama, na unisamehe usumbufu. Nakuahidi hili: atakuwa Doreen. Sitatia saini popote, hata Maganga akihama kabisa. Akikua akiuliza bibi yake alikuwa nani, nitamwambia Nyamizi binti fulani wa Nzega, mkali, hajui kunyamaza, aliyekufa katika nchi ya baridi akiwa amekuja kumpokea. Nitamwambia bila kupunguza. Atakujua wewe kama wewe, na yeye atajijua kama yeye.

Na kama ni wewe, usipite tena kwa mtoto. Usipite kwa mikono ya mtu, wala kwa unga, wala kwa machozi ya Maganga. Njoo kwangu. Sipatikani kwa shida. Asubuhi nakaa kiti cha nyuma kabisa cha basi la kwenda mjini, upande wa dirisha, na kiti cha pembeni huwa hakina mtu. Ofisini meza yangu iko nyuma ya nguzo, na saa za chakula hakuna anayepita. Nyumbani, Jumamosi, Maganga akienda sokoni, nakaa peke yangu na mlango siufungi kwa komeo. Ukifika, usiseme mkwe, wala wewe, wala huyu mwanamke. Hukuwahi kulitamka jina langu hata mara moja, tangu posa mpaka kifo chako. Naitwa Salome. Watu hukatazwa kuitikia sauti wasiyoona inakotoka. Mimi ni mwoga, unanijua, naogopa hata simu ya bosi. Lakini niite Salome, na nitaitika.